Mama wa Mlangoni

Kila siku baada ya masomo, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama ya shavuni, alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Aliwasha mashine ya dirishani, akaendelea na kazi waliyopewa: kutengeneza mchezo wenye mhusika anayejiendesha na kumjibu mchezaji.

Mhusika wake alikuwa mama aliyesimama mlangoni. Mchezaji akimkaribia tu, mama husema, "Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe." Mama yake Kidoti, muuguzi, alikuwa kazini nchi ya mbali, mwaka wa pili huo, na mtoto alikuwa na hamu kubwa ya kumwona. Maneno yale aliyasikiliza mara kumi kwa siku, hachoki.

"Umewapa wenzako mchezo wako waujaribu?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Watatu."

Thubutu! Hakumpa hata mmoja. Angempaje mtu mama yake?

Siku ya maonyesho, Mdomo, mwenzake mwenye maneno mengi, akawahi kucheza. Mchezaji wake akakanyaga bustani, akavunja mtungi, akaingia na matope mpaka sebuleni.

"Karibu, mwanangu," mama akasema, anatabasamu. "Nilikuwa nakungoja wewe."

"Lo! Mama gani huyu? Hata hanioni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kidoti akatamani ardhi ipasuke.

Wenzake walipotoka, alibaki. "Mwalimu, nisamehe, nilikudanganya. Hakuna aliyeujaribu. Yule… yule ni mama yangu."

Mwalimu akavuta kiti, akaketi kando yake. "Ukirudi na matope, mama alikuwa akisemaje?"

Kidoti akacheka, machozi yakimlengalenga. "'Wewe! Miguu gani hiyo? Hebu kanawe, chakula kinapoa!'"

"Basi mwandike huyo. Mpe macho kwanza, aone mchezaji anafanya nini; maneno baadaye."

Wiki nzima alihangaika na kazi hiyo, safari hii Mdomo akiwa kando anajaribu kila aina ya utundu. Ijumaa Kidoti akacheza mwenyewe. Akavunja mtungi, kisha akasimama mbali na mlango, hasogei.

"Mbona umesimama huko?" mama akauliza. "Umefanya nini? Njoo uniambie, sikupigi."

Kidoti akalia waziwazi. Mdomo akamshika bega.

"Umeona?" mwalimu akasema taratibu. "Ulipomficha, ulibaki na mama asiyekuona. Uliposema kweli, tukapata njia ya kukusaidia. Kazi isiyoonwa na wengine, makosa yake hayaonekani. Sasa Jumapili mama akipiga simu, usimwambie tu kwamba hujambo. Mwambie yote, na kilio hiki pia. Naye huko aliko ana hamu ya kukuona."