Kibuyu cha Babu Rwegoshora

Kila asubuhi kabla ya shule, Ainembabazi humenya ndizi pamoja na Bibi Benadeta. Za Babu Rwegoshora huwekwa kando: ndizi tatu tu, maharage kiasi, na mchicha wa kujaza nusu ya sahani. Ndivyo Nesi Placidia wa kliniki ya kisukari alivyowapangia. Chai ya Babu nayo haitiwi sukari.

Lakini jioni, Bibi akiwa bado shambani, Babu alikuwa na lake.

"Mjukuu wangu, niletee omuramba kidogo," alisema, akitaka ile juisi tamu ya ndizi mbivu. "Nimeikamua kwa mikono yangu. Sukari ya dukani imeingilia wapi? Ila Bibi yako usimwambie, ana maneno mengi."

Ainembabazi aliona ni kweli, hata punje moja hawakutia. Tena mzee hakataliwi. Alikijaza kibuyu, akatia mrija, Babu akafyonza taratibu huku amefumba macho. Ikawa hivyo kila siku kwa mwezi mzima.

Likizo ilipofika, alikwenda kliniki na Babu na Bibi. Nesi alimtoboa Babu kidole, akatazama kipimo, akakunja uso.

"Sukari imepanda sana. Babu, mpango wa chakula unaufuata?"

"Nampimia mimi mwenyewe," Bibi akajibu. "Hata ndizi ya nne hapati."

"Basi nitamweleza daktari. Huenda ataongeza dawa."

Babu alitazama dirishani, akitafuna buni, zile punje za kahawa alizozoea. Ainembabazi alisogea karibu na meza ya Nesi. Akisema, Babu ataaibika. Asiposema, Babu atameza dawa asiyoihitaji.

"Nesi," alisema kwa sauti ndogo, "Babu hunywa omuramba. Kibuyu kizima, kila jioni. Mimi ndiye ninayempelekea."

Bibi aligeuka polepole.

"Kumbe nalea watoto wawili," akasema.

"Mtoto huyu tumbo lake halina mfuniko, siri haikai," Babu akanung'unika.

Nesi hakucheka. "Babu, ndizi ikiiva, wanga wake hugeuka sukari. Kibuyu kizima ni sukari ya ndizi nyingi kwa mara moja. Na kama dawa ingeongezwa, siku usipokunywa omuramba sukari ingeshuka ghafla ukaanguka shambani peke yako."

Siku tatu Babu hakumsemesha Ainembabazi. Siku ya nne alimwita, akampa kibuyu.

"Kioshe vizuri. Nitilie maji ya kunywa. Mrija wangu siuachi."

Mwezi uliofuata kipimo kilishuka, na dawa ikabaki ileile. Jioni hiyo jirani yao, mzee Sebahire, alimkuta Babu akifyonza mrija wake.

"Omuramba wa leo mtamu?" akauliza.

"Ni maji," Babu akajibu. Akamwonyesha Ainembabazi kwa kidevu. "Huyu alikuwa akinitii, nikazidi kuugua. Siku aliponisemea, nikapata nafuu. Mjukuu wangu, kumheshimu mzee si kumfichia kinachomuumiza. Haya, nijazie tena."