Ishirini na Mbili, Nipo

Msiniulize nimejuaje. Fundi cherehani ninayemsema ni jirani yangu, mlango kwa mlango, na enzi hizo alikuwa na mdomo usiotulia. Kipaji chake kilikuwa kuiga sauti za watu, hasa ya rafiki yake kinyozi, aliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao tu. Kinyozi akitoka kidogo, Fundi anaita kwa sauti ya mwenzake, "Anayefuata!" Mteja anaingia, anakaa kitini, anasubiri mkasi usiokuja. Mtaa mzima tulivunjika mbavu.

Mwaka huo Fundi akapagawa na baiskeli. Kulikuwa na msafara wa kilomita mia na sitini, watu ishirini na wawili, na hakuwahi kwenda hata nusu ya hapo. Hakutaka kwenda peke yake, basi akamng'ang'ania Kinyozi wiki nzima. Kinyozi alikuwa na pumu, kila mtu anajua. Mkewe akamfuata Fundi hadi kwenye cherehani.

"Shemeji, kifua chake unakijua."

"Nitakuwa naye bega kwa bega, shemeji. Nikimwacha, niite mbwa."

Wakaondoka asubuhi, jua zuri, watu wanataniana. Kiongozi alikuwa mwalimu mstaafu, mkali kama yuko darasani. Kila nusu saa alikuwa anapaza sauti, "Hesabu!", na kila mtu aitike namba yake kuanzia mbele, bila kugeuka, maana anayegeuka huyumba akaangusha wenzake. Namba ikikosekana, msafara unasimama na pikapu iliyo mbele inarudi kumtafuta mtu. Hesabu ikitimia, pikapu inatangulia na maji. Na waliojiandikisha wawili wawili, mmoja akisimamisha msafara mara tatu, wote wawili wanapakiwa kwenye pikapu, safari yao imeisha. Fundi alikuwa ishirini na moja. Kinyozi ishirini na mbili, wa mwisho kabisa.

Kufikia saa tano walishasimama mara mbili kwa ajili ya Kinyozi. Watu wakaanza kuguna. Fundi aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Mlima ulipoanza, akasikia nyuma yake pumzi zinakwaruza.

"Fundi... dawa yangu imedondoka. Nisubiri kidogo, bwana."

Alimsikia vizuri sana. Akakanyaga pedali.

"Hesabu!"

Namba zikashuka hadi kwake. Akaitika yake. Nyuma, kimya. Ndipo akafanya kile alichokifanya mara mia kwa mzaha: akabana koo kidogo.

"Ishirini na mbili, nipo!"

Kule mbele pikapu ikapiga honi, ikatokomea na maji.

Atakuja tu polepole, Fundi alijiambia. Nusu saa ikapita. Hesabu ikaitwa. Akaitika yake, akabana koo tena. Kabla hajatamka, akawahiwa.

"Ishirini na mbili, nipo!"

Ilitoka nyuma yake. Karibu. Roho ikamtulia, mjinga yule.

"Umefika, rafiki yangu? Pole, bwana."

Hakujibiwa. Akatega sikio. Mnyororo hausikiki. Tairi hazisikiki. Zile pumzi za kukwaruza hazipo. Ila shingo ilikuwa inamsisimka kwa baridi, na jua lilikuwa la utosi.

Hakugeuka. Sheria, alijiambia. Hesabu ikaitwa mara tatu zaidi, na mara tatu ikaitikiwa. Kila mara karibu zaidi. Ya mwisho ilikuwa sikioni.

Walipofika, Mwalimu akawahesabu kwa kidole. Ishirini na mmoja. Akahesabu tena. Ishirini na mmoja.

Pikapu ilimkuta mtaroni, pale pale mlima ulipoanzia. Kucha zilijaa udongo. Alitambaa, na alikuwa anatambaa kupanda juu, kuwafuata wenzake. Daktari alisema alihangaika karibu saa nzima kabla ya kukata roho. Pikapu ingerudi wakati ule, angepona.

Msibani, mjane alimwita Fundi chumbani. Hakuwa analia.

"Mwalimu ameniapia tangu mlimani alisikia namba ya mume wangu mara tano. Na mume wangu alikuwa mtaroni. Nani aliitika, shemeji?"

Fundi alishajiandalia uongo wake. Sijui, shemeji, labda ni upepo. Akafungua mdomo.

"Ishirini na mbili, nipo!"

Sauti ya Kinyozi, yenyewe. Wala hakubana koo. Akajaribu kusema pole. Ikatoka ile ile. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mlango ukasukumwa. Binti wa marehemu, miaka mitano, akaingia mbio.

"Baba! Baba amerudi!"

Akaangaza huku na huku. Akachungulia nyuma ya pazia, kisha uvunguni. Mama yake hakumtazama. Alikuwa anamtazama Fundi.

"Mbwa," alimwambia, kwa upole kabisa.

Mwaka wa pili huu Fundi hasemi na mtu. Wateja anawaandikia bei kwenye karatasi. Lakini kila nusu saa mdomo wake unafunguka wenyewe, hata akiwa ameuma pini, nami naisikia hiyo namba nikiwa sebuleni kwangu.

Yule mtoto amejua kusoma saa kabla ya wenzake wote. Dakika zikikaribia anaacha mchezo, anakuja kukaa kizingitini kwa Fundi, anampa mgongo ili asimwone uso. Anafumba macho.

"Baba," ananong'ona, "upo?"

Na anajibiwa.