Chungu Kizima Hulia

Kila asubuhi mashine ya Samsoni ilianza kunguruma kabla chai haijachemka. Watu wa Busale walikuja na magunia ya mpunga, mengine kichwani, mengine juu ya baiskeli. Waliondoka na mchele mweupe. Zamani walitwanga kwa kinu, au walipanga foleni kwenye mashine ya ushirika, ambayo mwishowe ilisimama ikaota kutu. Sasa ilikuwa miaka ya soko huria. Samsoni aliuza ng'ombe wake wawili, akanunua mashine ya dizeli. Akajiona mwanamume kwelikweli.

Mchele uliondoka na wenyewe. Pumba zilibaki. Zilirundikana nyuma ya nyumba mpaka zikawa kilima. Mvua ilipokuja, zilisombwa hadi kijitoni, maji yakanuka. Samsoni akaona dawa ni moto. Lakini pumba zina tabia yake. Haziwaki zikaisha. Moto unajificha ndani, na moshi unatoka wiki nzima, usiku na mchana.

Mke wa Samsoni aliitwa Hosiana. Alizaliwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, ambako watu hufika kwa mtumbwi. Mama yake, Felista, alikuwa fundi wa vyungu. Alipofiwa na mumewe, alikuja kuishi na binti yake Busale. Kila asubuhi alivigonga vyungu vya jikoni kwa kidole, kimoja kimoja, huku akisikiliza.

"Chungu kizima hulia," alimwambia mjukuu wake, Jubilate. "Kilichopasuka hunyamaza."

Baada ya miezi minne Felista akafunga nguo zake. "Nimekumbuka udongo wangu," alisema. Akaenda zake Ikombe.

Mwaka mzima ukapita. Hosiana alimkumbuka mama yake mno. Kigoda cha mama kilikuwa bado jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Asubuhi nyingine Hosiana aligonga chungu yeye mwenyewe, asikie tu ile sauti. Mara mbili alituma salamu kwa wauza vyungu: "Mwambieni mama aje." Jibu lilikuwa lile lile: "Nitakuja." Lakini hakuja.

"Mama amependa kwao," Samsoni alisema. "Hapa alikosa nini? Hakulalamika hata siku moja. Hata chumvi ikizidi, yeye ni *ndaga fijo* tu, asante sana."

Siku moja ya soko, Beatrice, muuza vyungu kutoka Ikombe, alishusha mzigo wake karibu na mashine. Hosiana alikwenda kumsaidia.

"Ugonile, dada?" Hosiana alimsalimu kwa lugha yao.

"Nimeamka, lakini tazama hasara hii! Nilipakia vyungu ishirini. Saba ni vigae. Barabara hii itanimaliza."

Upepo ukageuka. Moshi ukawafunika. Beatrice akakohoa mpaka akashika kifua.

"Kumbe ndio moshi wenyewe huu!" alisema.

"Moshi gani?"

Beatrice akainamisha kichwa. "Mama yako alinikataza kusema."

"Sema, dada. Nakuomba."

"Kifua kilimbana hapa kwenu. Alikuwa anakwenda kukoholea kwenye migomba, mkwe wake asisikie. Anatamani kuja, Hosiana. Kila mtumbwi ukiondoka Ikombe, anasimama ufukweni anautazama mpaka upotee."

Hosiana akakaa chini juu ya vigae, akalia. Sasa alielewa. Kwao, mama mkwe hamlalamikii mkwe wake wa kiume. Ni aibu kubwa. Mama alinyamaza kwa heshima, na wao wakadhani ameridhika.

Alikwenda kwenye mashine, akamweleza mumewe yote. Samsoni akazima mashine. Watu kwenye foleni wakaguna.

"Sasa pumba hizi nizipeleke wapi?" aliuliza kwa ukali. "Nizile?"

"Wewe hapana, ila nguruwe watakula," alisema mama mmoja kwenye foleni. Huyo alikuwa Anyisile, bibi maendeleo wa kata. Naye alileta mpunga wake kukobolewa. "Ila si zote. Njoo nikuonyeshe."

Alichota pumba mikono miwili. "Hizi laini kama unga ni chakula cha nguruwe na kuku. Hizi ngumu ni ganda tupu. Ukimlisha mnyama, unamshibisha bure. Wewe unazichanganya zote, kisha unazichoma."

"Ganda tupu lina kazi gani, bibi maendeleo?"

"Litandike kwenye banda la kuku. Likichafuka, lifukie shimoni lioze, kisha peleka kwenye migomba. Lakini pumba usizimwage kijitoni. Zinaoza, samaki wanakufa, na watu wa huko chini wanayanywa maji hayo. Wala usizichome karibu na nyumba. Moshi wake unaumiza vifua, hasa vya watoto na wazee."

Samsoni akatazama chini. Neno "wazee" lilimchoma.

Beatrice alikuwa amesogea kusikiliza. "Na mimi niulize," alisema. "Sisi Ikombe tunachomea vyungu kuni, na kuni zimekwisha. Tunapanda mlimani nusu siku kutafuta vijiti. Ganda hili haliwezi kuchoma chungu?"

"Peke yake sidhani," alijibu Anyisile. "Lakini linatunza moto muda mrefu, mmeliona wenyewe. Wekeni kuni chache chini, halafu mfunike vyungu kwa pumba. Jaribuni kwa vyungu vichache kwanza. Na mchomee mbali na nyumba."

"Gari la kunirudisha Matema, ninakopandia mtumbwi, linakwenda tupu," Beatrice alisema polepole. "Magunia ya pumba ni mepesi. Yataingia hata mtumbwini."

"Na ukirudi, vyungu vyako uvipakie ndani ya pumba," Hosiana alidakia huku anafuta machozi. "Havitagongana."

Siku ile ile walijaza magunia manane, wamejifunga vitambaa puani kuzuia vumbi. Samsoni alibeba mengi kuliko wote. Jioni alimwagia kile kilima maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka moshi ukafa. Majivu akayapeleka migombani.

Baada ya wiki tatu Beatrice alirudi. Alifukua vyungu kutoka kwenye pumba, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima.

"Wenzangu walinicheka," alisema. "Tukachoma vitano tu. Mama yako akavigonga. Vyote vikalia! Sasa wote wanataka pumba. Na vile vigae vyangu havikutupwa. Mama amevisaga, amechanganya kwenye udongo mpya. Ndivyo bibi zetu walivyofanya."

"Na yeye mwenyewe?" Hosiana aliuliza.

"Nilimwambia moshi umeisha. Akanyamaza."

Hosiana akahesabu siku za soko. La kwanza likapita, la pili likapita. Banda la kuku likajengwa. Nguruwe waliolishwa pumba laini wakanenepa. Maji ya kijito yakaanza kung'aa tena. Samsoni alifurahi, lakini mkewe kila mara alitazama barabarani. Kazi yote ilikuwa njema, ila kigoda bado kilikuwa kitupu.

Soko la tatu, gari la vyungu likasimama. Katikati ya vyungu alikaa mama mmoja mwembamba, pumba zimemjaa kwenye kanga. Hosiana alikimbia bila viatu.

Mchana walikula wali na mboga ya majani. Samsoni alimsubiri mkwewe amalize kula.

"Chakula kikoje, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndaga fijo," Felista alijibu, macho chini.

Hosiana akavunjika moyo. Ni yale yale. Atanyamaza tena, ataumia tena, ataondoka tena.

Samsoni akainuka. Alichukua chungu kipya, akakigonga kwa kidole. Kikalia.

"Mama," alisema, "chungu kizima hulia. Wewe ulinyamaza, mimi nikadhani u mzima. Nakuomba, nyumbani kwangu usininyamazie tena."

Felista akajifunika mdomo kwa kanga. Kisha akashusha kanga.

"Basi, mkwe wangu," alisema, "mboga hii ina chumvi nyingi. Na mashine yako inaanza mapema mno. Mimi ni mzee, nataka kulala."

Samsoni akapiga makofi. Jubilate akacheka. Hosiana, aliyeipika mboga ile, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amewahi kusikia lawama tamu kama zile.

Kesho yake mashine ilianza baada ya chai. Na mboga ilitiwa chumvi kidogo.