Video ya Kumtafuta Davis

Kila asubuhi Asteria alianika michembe, vipande vya viazi vitamu, nje ya nyumba yake, Kambarage, mjini Shinyanga. Mumewe, Ngusa, alikwenda sokoni kushona viatu. Binti yao Wema alibaki akifua na kupika. Siku hizo hawakuongea sana. Kijana wao Davis alikwenda Geita kuchimba dhahabu, kisha simu yake ikazimika. Mvua zilikuja, zikaisha, naye hakupatikana.

Wema alitengeneza video ya kumtafuta kwa simu yake. Davis alionekana akicheka harusini, na chini kulikuwa na namba ya mama. Alipoipandisha mtandaoni ilikwama njiani. Ilikuwa nzito mno, bando likaisha. Akaipunguza kabisa. Sasa ilipanda, lakini uso ulikuwa ukungu mtupu. Programu ya kuhariri nayo ilibandika nembo yake juu ya namba. Watu waliandika pole. Hakuna aliyepiga.

Ngusa akamwambia mkewe waite ndugu, waweke matanga. Siku hiyo michembe haikuanikwa.

Wema akaenda kwa Mama Altaf, jirani anayehariri video za harusi. Akamwamkia, akamwonyesha video.

"Mwanangu," alisema Mama Altaf, "hata mimi ninayemjua Davis, hapa simtambui."

Akamweleza kwamba programu nzuri si yenye madoido mengi. Ni ile ambayo simu yako inaimudu, na isiyobandika nembo. Wakaweka nyingine ya bure. Wema akaikata video upya, akaacha uso peke yake, akaandika namba kwa tarakimu kubwa.

"Unapoihifadhi, chagua MP4. Karibu kila simu inaifungua," alisema Mama Altaf. "Ubora weka 720. 4K itakumalizia bando, 240 itaua sura. Kasi ya picha iache kama ulivyorekodi. Kisha itazame yote kabla ya kuipandisha. Na upandishe hii hii, si iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Huko inabanwa, inafifia."

Video ikapanda. Hata kovu juu ya jicho la Davis lilionekana. Lakini siku zilipita kimya, na Ngusa akarudia habari ya matanga.

Ndipo akapiga mama mmoja wa Runzewe, huko Geita, anayewapikia wachimbaji. Alisema video ya kwanza aliiona, akaipita. Katika hii amelitambua kovu. Davis yupo kwake. Duara, shimo la machimbo, lilimporomokea, hatembei tena, na anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Asteria akaomba Davis apewe simu.

"Mama," alisema Davis, "sina miguu ya kurudia."

"Basi kaa hapo hapo. Tunakufuata."

Ngusa ndiye aliyembeba mgongoni, kutoka chumba cha yule mama hadi kwenye gari. Mwanawe alikuwa mwepesi mno.