Balbu ya Koridoni

Degree yangu ya electrical imelala chini ya godoro, na mimi nalala juu yake. Hiyo ndiyo kazi imewahi kufanya. Kwa hivyo mteja, Dianah, aliponipigia, "Fungia mum LED nyumba yote, hizo balbu za zamani zinakula stima," sikuuliza swali. Job ni job.

Giza lilikuwa linaingia nikifika Kalimoni. Nyumba kuukuu ya mzungu aliyelima kahawa zamani, taa za shaba kila ukuta. Cucu Waruguru, nyanya mjane, mamake Dianah, anaishi humo peke yake. Alinifuata chumba kwa chumba, hadi koridoni.

"Hii uache."

"Cucu, Dianah amesema zote. Anataka picha."

"Mzee wangu huota joto hapo." Akaonyesha kiti chini ya taa. Kitupu. "Kaburini kuna baridi, kijana."

Nikacheka. Miaka minne ya uni, halafu nibishane na marehemu?

Nikazima main switch. Nikafungua balbu kwa kitambaa, bado moto, nikaitia kwa mfuko wa jaketi. Nikafunga LED.

Ikawaka.

Main bado imezimwa.

Mwanga hafifu, wa buluu, kama jicho la samaki. Ni leakage tu, nikajiambia. LED huwa hivyo. Lakini stima inavuja kutoka wapi, na nimezima yote?

Kiti kikatoa mlio… kriii… kama mtu anainuka. Harufu ya ugoro ikanipita usoni.

Cucu akagusa LED kwa kiganja. "Yako haina joto," akanong'ona. "Umemfukuza."

Nikarudisha stima, nikapiga picha, nikatoka mbio.

Kwa bedsitter yangu, chumba kimoja huko Gitothua, nikatoa balbu mfukoni. Ilikuwa bado moto. Kutoka Kalimoni, safari yote hiyo! Nikaiweka kitandani, nikaketi. Godoro likabonyea kando yangu… polepole…

Ugoro.

Mgongo baridi ukaegemea wangu. Nikataka kupiga nduru.

Simu ikalia.

"Kijana." Cucu alikuwa analia. "Koridoni hakuna mtu. Amekufuata? Sema tu ukweli, urudishe balbu, atarudi nayo."

Tangu graduation hakuna mtu amewahi kukaa kwa hiki kitanda. Hata "niaje" ya WhatsApp sipati.

"Zii, cucu," nikasema. "Hajakuja huku."

Nikazima simu. Nikavuta blanketi, nikamfunika.