Kitinda Wawili

Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini. Asubuhi ile alifika kazini kama kawaida, akatundika koti lake, akaweka kikombe cha chai mezani. Mwenzake, mtu mzima waliyemwita Mzee wa Nyaya, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la mitambo, akigombana na waya.

Seva za hospitali, zile kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zilikuwa nyingi, na mafundi walizipa majina ya ndugu ili wasizichanganye. Bibi alitunza kumbukumbu za zamani. Shangazi alijua majibu ya maabara. Ile mpya, iliyohudumia wodi, Kitinda aliipa jina lake mwenyewe. Majina yote, kila moja na anwani yake, yalikaa kwenye faili moja, na programu ya usimamizi ililisoma faili hilo ndipo itume maagizo.

Siku hiyo faili lilikuwa na Kitinda wawili, kila mmoja na anwani yake.

"Mzee, umeniongeza humu?"

"Nikuongeze? Ulivyo mmoja tu unatuchosha!"

Jina likijirudia, programu hailalamiki. Hufuata mstari wa mwisho. Ule wa juu huwa kama haupo. Kitinda aliita anwani ya juu, ile ya seva yake. Kimya, na taa za seva zilikuwa zinawaka. Akaita ya chini. Ikajibu kabla hajainua kidole.

Mzee aliufuata waya wa anwani ya chini kwa mkono, ukapita chini ya sakafu, ukatokea nyuma ya kabati. Ncha yake ilikuwa inaning'inia. Haikuchomekwa popote.

"Sasa nani anajibu?" Mzee hakutania tena.

Kitinda alitoka akaenda kwenye korido, akampigia mama simu. Kwa nini aliuliza vile, hakujua.

"Mama, kuna mtu alizaliwa baada yangu?"

Alimsikia mama akifunga mlango.

"Nani kakwambia?" alinong'ona. "Mlikuwa mapacha. Wewe ulitoka hoi, wakasema hufiki jioni. Mwenzio akaja nyuma yako, nikampa jina lako ili lisipotee. Halafu akaenda yeye, ukabaki wewe."

"Jina lile lile?"

"Lile lile. Mwanangu, unachokiona huko usikiguse."

Lakini maagizo ya wodi nzima yalikuwa yakienda kwenye waya mtupu. Hakuwa na hiari. Badala ya kufuta mstari wa chini yeye mwenyewe, aliita programu ya usafi aliyoiandika zamani. Programu ile huondoa majina yaliyojirudia na kuacha la mwisho. Alilikumbuka hilo kidole kikiwa kimeshabonyeza.

Mstari wa juu ukafutika.

"Mzee."

Mzee hakugeuka. Kitinda akamgusa bega. Mzee akajikuna pale pale, kama aliyetambaliwa na sisimizi. Kikombe hakikuwepo mezani. Koti nalo halikuwepo.

Alikimbilia nyumbani. Mchana kweupe, na hakuna aliyempisha njia. Dirishani aliliona koti lake kwenye kiti. Mtu alikuwa amekaa, amempa mgongo, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kitinda hakuwahi kutumia kushoto. Mama alikuwa akimpapasa mtu yule mashavu, analia.

Akagonga. Mama akafungua. Yeye peke yake alimwona.

"Mama, ni mimi."

"Najua, baba." Aliinamisha macho. "Wewe nimekaa nawe miaka yote hii. Huyu sikumbeba hata mpaka jioni."

Akaufunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kitinda tuliye naye sasa ni mpole, na kazini wanamsifu. Ila ukimpa kalamu, huipokea kwa kushoto. Mama haulizwi.

Mzee wa Nyaya haingii tena peke yake kwenye chumba cha mitambo. Ile anwani iliyofutwa, ambayo haimo kwenye faili lolote, kila mchana hubisha ikiomba kuunganishwa. Siku moja Mzee alirudi nyuma ya kabati kuutazama ule waya. Ulikuwa bado unaning'inia. Akaushika ncha, akauachia upesi. Ulikuwa na joto, joto la kiganja, kama kitu ambacho mtu ametoka kukiachilia sasa hivi.