Bafta Iliyobaki

Raymundi, rafiki yangu wa Isevya, alikuwa mkalimani wa gari la sinema enzi za Mwingereza. Jioni moja pazia la kuonyeshea picha lilichanika, akatumwa alete kitambaa cheupe. Nyumbani akakuta bafta iliyobaki ilipokatwa sanda ya mkewe, Bernadeta, aliyezikwa wiki hiyo. Akaenda kuitundika.

Giza likaingia. Picha ilikuwa ya daktari kichaa anayefufua maiti. Daktari alipoinama juu ya maiti, Raymundi alitakiwa amsemee kwenye kipaza sauti: "Amka." Uchungu ukamshinda.

"Bernadeta, amka," akasema. "Maji yamezidi unga, mke wangu. Flavia halali, anakulilia."

Jenereta likazimika. Nyuma ya bafta, mahali pasipo na mtu, sauti ikaitika taratibu:

"Abee, baba Flavia. Mlete mtoto."